Somo: Kumpokea aliyezama, kuanzia gatini

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ukiwauliza maji yamemfanya nini aliyezama, wengi hujibu, "Ameyanywa." Makosa yote huanzia hapo. Ukidhani tatizo ni maji ya tumboni utahangaika kuyatoa, na huku mtu anakufa kwa kukosa hewa. Moyo wake ulikuwa mzima. Umesimama kwa sababu damu imeishiwa oksijeni. Dawa ya kwanza basi ni pumzi.

Tuseme kijana ameruka kichwa mbele kutoka gatini hapa Amu, yaani mji wa Lamu, maji yamekupwa. Mabaharia wamemtoa, wamemlaza penye ngazi. Watu wamejaa na kila mmoja ana rai yake.

Kabla ya yote: mahali. Kama bado yumo majini, usiruke. Tupa kamba, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri; linaelea na kumbeba mtu. Mwokoaji asiyejua kuogelea huwa maiti wa pili.

Muite, mtikise mabega. Haitiki? Taka msaada, lakini usiseme "mtu apige simu", maana hakuna aitwaye Mtu. Onyesha kidole: "Wewe mwenye kikoi cha buluu, piga 999 au 112. Wewe, kimbia ukalete oksijeni na mashine ya kushtua moyo."

Sasa tunakwenda kwa herufi, A hadi E, kwa mpangilio. Njia ya hewa, yaani A. Kiganja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, inua. Chungulia mdomoni. Mchanga, mwani, meno bandia: unachokiona kitoe, usichokiona usikitafute kwa kidole. Huyu wetu aliruka kichwa mbele penye maji machache, kwa hiyo shingo ina mashaka. Usiipinde, sukuma taya mbele kwa vidole vya pande zote mbili. Njia ya hewa ikikataa kufunguka, inua kidevu tu. Shingo nzima haimfai asiyepumua.

Pumzi, B. Weka shavu karibu na mdomo wake, macho yatazame kifua, sekunde zisizidi 10. Akivuta hewa mara moja moja kwa kukoroma, kama samaki aliyemwagwa dauni, huko si kupumua. Usidanganyike.

Hapumui: mpulizie pumzi 5, kila moja kama sekunde moja, kifua kinyanyuke ukikiona. Povu jeupe huenda likatoka, tena tele. Usikae kulifuta, pulizia humo humo. Bado hana dalili ya uhai? Bana kifua mara 30, pumzi 2, rudia. Kina sentimita 5 hadi 6, kasi 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukibana uache kifua kirudi juu. Pokezaneni kila dakika 2, maana mikono huchoka kabla mwenyewe hujakubali. Mashine ikifika, kausha kifua kabla ya kubandika vibandiko vyake.

Hapa ndipo watu watakapotaka kumtia kwenye mkokoteni mpenye vichochoroni kuelekea hospitali. Kataeni. Njia zetu hazipishi gari, mnalijua hilo, na kumbana mtu kifua juu ya mkokoteni unaorukaruka mawe ni kumtikisa tu. Kazi ifanyike pale pale ngazini mpaka apumue au wenye vifaa wafike.

Nilipokuwa mwanafunzi niliona mtoto akining'inizwa miguu juu, mtu mwingine anamminya tumbo. Yalitoka maji na wali. Waliokuwapo wakashangilia. Mtoto alipona, lakini alilazwa siku nyingi kwa nimonia ya matapishi yaliyoingia mapafuni. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili, nimenyamaza, kwa kuwa waliomshika walikuwa wazee.

Akishapumua mwenyewe, mlaze ubavu, kwani mara nyingi hutapika. Oksijeni lita 15 kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko, kisha punguza ukilenga oksijeni ya damu iwe 94 hadi 98 kwa mia. Kidole kilichokunjamana kwa baridi huidanganya oksimita, kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Jaribu ndewe ya sikio. Hesabu pumzi dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20.

C ni mzunguko wa damu: bonyeza katikati ya kifua sekunde 5, achia, rangi irudi ndani ya 2. Usibonyeze ukucha, mkono uliotoka majini huchelewa hata kwa mzima. D ni fahamu: yuko macho, anaitika sauti, anaitika maumivu, au haitiki kabisa? Halafu tazama mboni za macho, halafu pima sukari ya damu. Sukari ndiyo husahauliwa kila siku. Huyu wetu aliruka, lakini mwingine aliyeanguka majini huenda hakuteleza, huenda sukari ilishuka, au kifafa kilimshika, ndipo akaanguka. E ni kumfunua mwili: vua nguo za maji, kausha, kagua mwili mzima, funika. Shikeni leso mumsitiri, hasa akiwa mwanamke. Watu wako hapo. Upepo wa kusi nao hauna huruma kwa mtu aliyerowa.

Kila ukitibu kitu, rudi A.

MASWALI YA WANACHAMA

Sabalkheri mwalimu. Kozi ya huduma ya kwanza walitufundisha tuanze na kubana kifua. Tumfuate nani?

Sabalkheri mwanangu. Wote. Mzee akianguka ghafla barazani kwa moyo, damu yake bado ina oksijeni ya dakika chache, basi anza kuizungusha. Damu ya aliyezama ilikwisha oksijeni kabla moyo haujasimama. Ukianza kubana, unazungusha nini?

Na nikiogopa kumwekea mdomo nisiyemjua?

Tembea na barakoa ya mfukoni. Ni ndogo, inaingia mkobani. Kituoni tumia mfuko wa kupulizia. Huna kitu na huwezi kabisa? Bana kifua tu. Ni pungufu sana kwa aliyezama, lakini si sawa na kusimama kutazama.

Mwalimu, mtoto je? Mimi nafanya mazoezi wodi ya watoto.

Pumzi 5 vilevile. Mkiwa wawili wenye mafunzo, bana 15 kwa pumzi 2, kina theluthi moja ya kifua. Mtoto mchanga usimpinde kichwa nyuma, kikae sawa tu, na mdomo wako ufunike pua na mdomo wake pamoja.

Ami yangu alitolewa majini Shela jana jioni. Alikaa, akanywa chai, akasema hana neno. Leo asubuhi anakohoa. Tungoje?

Msingoje, dada. Asiyekohoa tangu mwanzo, kifua safi, oksijeni nzuri, huangaliwa saa kadhaa akaachwa aende. Lakini kikohozi kilichoanza baada ya kuzama kinataka kifua kisikilizwe. Mhesabie pumzi sasa hivi, dakika nzima, bila kumwambia unahesabu, maana akijua atazibadilisha. Kisha mpandisheni boti mje. Akae, asilale chali njiani, na chai nyingine asipewe mpaka aonwe.