Somo: Jinsi ya kupata gesti ya bei nafuu karibu na makumbusho ya Dar es Salaam

Ukipanda daladala Dar ukamwambia konda "nishushe Makumbusho", atakushusha stendi ya Makumbusho, kule Kijitonyama. Kama ulichofuata ni habari za fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, basi umeshuka mbali nalo kama kilomita 10. Naanza na hili kwa sababu ndilo lililonigharimu mimi. Nafundisha historia Singida, na karibu kila likizo ya Juni nashuka Dar na familia. Mara ya kwanza nilipigia simu gesti iliyotangazwa kuwa "karibu na Makumbusho", nikalipia usiku tatu. Tulipofika tukakuta kweli iko karibu na stendi ya Makumbusho, ila makumbusho niliyokuwa nimewaahidi watoto iko Posta, katikati ya jiji. Asubuhi mbili nzima ziliishia kwenye foleni.

Tangu hapo nimejifunza mengi, na ninayaandika kwa utaratibu ili asiyelijua jiji asipoteze hela kama mimi.

Hatua ya 1: Jua unakwenda makumbusho ipi

Ziko mbili kubwa. Makumbusho ya Taifa iko mtaa wa Shaaban Robert, jirani na chuo cha IFM na bustani ya mimea ya Serikali. Ilifunguliwa mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Humo ndimo utakutana na habari za Zinjanthropus, ambaye fuvu lake Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, nakala ya nyayo za kale za binadamu za Laetoli, vitu vya Kilwa, magari ya zamani ya viongozi, na kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 7, 1998.

Ya pili ni Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo. Huko kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, tembe, nyumba ya Wazaramo na nyingine nyingi. Mtaa wote ulichukua jina kutoka hapo, na stendi nayo ikafuata.

Kwa hiyo ukiongea na dereva au mtu wa gesti, sema "Makumbusho ya Taifa, Posta, pale karibu na IFM". IFM haipotezi mtu.

Na ukifika mtaani usiulize hoteli. Ukiuliza hoteli, wengi watakuelekeza mahali pa kula. Uliza gesti au loji.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kabla ya kuchagua chumba

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa Makumbusho ya Taifa, mimi naanzia Kisutu: mtaa wa Libya, Jamhuri na vichochoro vya katikati. Kuna loji za siku nyingi, si za kifahari, ila unatembea kwa miguu hadi sanamu ya Askari, unafuata barabara ya Samora kuelekea baharini, na ndani ya dakika 20 uko mlangoni. Chakula kipo cha kila bei, na jioni mishkaki inachomwa kando ya barabara. Misikiti ni mingi, hivyo adhana ya alfajiri utaisikia vizuri. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha upande wa nyuma.

Halafu kuna hosteli ambazo wageni wengi hawazijui kwa sababu hazijitangazi. YWCA na YMCA ziko Posta, karibu na posta kuu, na ukitoka hapo hadi makumbusho ni mwendo mfupi. Luther House iko nyuma ya kanisa la Azania Front. Vyumba vyake ni vya kawaida tu, lakini ni sehemu tulivu, na mwenye watoto atalala bila wasiwasi. Zinajaa haraka, kwa hiyo piga simu wiki mbili kabla.

Kariakoo ndiko kwenye gesti nyingi kuliko mahali pengine pote katikati ya jiji, na ushindani huo unashusha bei. Ila ujue unalala sokoni. Mikokoteni inaanza kabla jua halijachomoza. Wafanyabiashara wa Kongo, Zambia na Komoro nao wanalala hukohuko, na Desemba kupata chumba ni bahati. Kutoka Kariakoo kwa miguu, ukipita Mnazi Mmoja, ni nusu saa na zaidi kidogo. Mtu mzima anaweza, mtoto wa miaka sita atalia njiani.

Njia ambayo watu hawaifikirii ni Kigamboni. Unalala ng'ambo, asubuhi unavuka na pantoni kwa dakika chache, unashukia Feri kwenye soko la samaki, unatembea kwa miguu hadi makumbusho. Nauli ya pantoni ni ndogo sana ukilinganisha na usafiri mwingine wa jiji hili. Watoto wangu walizungumzia bahari kuliko kitu kingine chochote tulichokiona safari ile.

Kwa Kijiji cha Makumbusho, tafuta Kijitonyama au Mwananyamala. Sinza pia ni karibu na bei zake ni nzuri, lakini gesti nyingi za Sinza zinaishi kwa wateja wa saa, wale wa "shoti taimu". Milango inagongwa usiku kucha. Kama uko na familia, uliza wazi kwenye simu: "Mnapokea shoti taimu?" Wakisita kujibu, tafuta pengine.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya siku nzima, usiangalie bei ya chumba peke yake

Tuseme mko watu wanne. Gesti ya mbali inataka 25,000 kwa usiku, ya mjini 40,000. Unaona umeokoa 15,000. Sasa hesabu: kwenda kwa daladala, tuseme 600 kwa kila mmoja, ni 2,400. Jioni watoto wamechoka, daladala zimejaa, unachukua bajaji kwa 12,000. Jumla 14,400. Umebakiwa na shilingi 600, na saa mbili au tatu zimeishia kwenye foleni.

Ukiwa peke yako hesabu inageuka. Nauli yako kwenda na kurudi haifiki hata 2,000, hivyo gesti ya mbali inakufaa. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "mtaa fulani ni rahisi" bila kuuliza mko wangapi.

Hatua ya 4: Piga simu, na uulize haya

Picha za mtandaoni zilipigwa siku chumba kilipopakwa rangi. Simu ndiyo itakuambia ukweli.

Uliza kama bei ni ya chumba au ya mtu. Uliza kama chai ya asubuhi imo. Uliza kama choo na bafu viko ndani, yaani "selfu", au ni vya nje vya kuchangia. Uliza kuhusu feni na kiyoyozi, kwa sababu mara nyingi chumba hichohicho kina bei mbili: ukiwashiwa kiyoyozi unalipa zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti Dar ina kaubaridi kake, feni inatosha. Januari na Februari usijidanganye.

Uliza umeme ukikatika wana jenereta? Na maji? Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, na hili linawashangaza sana wageni wa bara.

La mwisho, uliza saa ya kutoka. Wengi wanataka chumba kiwe wazi saa 4 asubuhi. Waombe wakutunzie mizigo mapokezi ili mwende makumbusho mikono mitupu. Karibu wote hukubali, na hawatozi kitu.

Hatua ya 5: Lipa kidogo, lipa mahali panapoeleweka

Usitume hela yote. Tuma ya usiku mmoja, na utume kwenye lipa namba yenye jina la biashara, si namba ya mtu uliyeongea naye. Mwaka mmoja nilituma hela yote kwa namba ya mhudumu wa mapokezi. Tulipofika, mhudumu alikuwa ameshaacha kazi na mwenye gesti hakuwa na habari zetu. Tulilala kwa ndugu, watu wanne kwenye sebule.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kuandika daftari

Omba kuona chumba. Fungua bomba, vuta maji chooni, washa feni, jaribu kitasa kwa ndani, angalia chandarua na nyavu za dirisha. Ukiridhika ndipo uandike kwenye daftari la wageni. Hapo wataomba kitambulisho na kukuuliza unakotoka na unakokwenda. Ni utaratibu wa kawaida. Kitambulisho hichohicho kibebe hadi makumbusho, maana kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni.

Kuhusu tarehe: kipindi cha maonyesho ya biashara ya Sabasaba, mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, jiji linajaa na bei zinapanda. Vivyo hivyo wikiendi ya mechi ya Simba na Yanga. Mashabiki wa mikoani wanajaza Kariakoo yote, na makao ya Simba yako mtaa wa Msimbazi hapohapo. Kwa kuwa mwanzo wa Sabasaba unaangukia likizo ya shule, mimi sasa nakuja wiki mbili za mwanzo za Juni.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

Mama wa watoto watatu, Tanga: Shikamoo mwalimu. Je, wataturuhusu mimi na watoto watatu chumba kimoja? Wakubwa ni miaka 9 na 7, mdogo 3.

Jibu: Marahaba mama. Gesti nyingi watakubali ukisema mapema. Omba chumba chenye kitanda cha futi sita na godoro la ziada chini. Usifiche idadi halafu uwaingize kimyakimya, watakutoza zaidi usiku huohuo na utakuwa huna pa kwenda. Hosteli za taasisi za dini ndizo zenye vyumba vya vitanda vitatu au vinne, anza nazo.

Mwanachama wa Dodoma: Mwalimu, siku hizi tuna treni ya SGR. Siwezi kwenda asubuhi na kurudi jioni nisilipie gesti kabisa?

Jibu: Unaweza, na tangu treni hiyo ianze mwaka 2024 wapo wanaofanya hivyo. Ila kwenda ni kama saa nne, kurudi vilevile, makumbusho utaipita mbiombio. Mimi ningefika jioni. Stesheni iko mjini, unatembea hadi Kisutu na begi lako. Unalala usiku mmoja, asubuhi makumbusho, alasiri unapanda treni.

Binti anayesafiri peke yake, Mwanza: Shikamoo. Usalama wa Posta usiku ukoje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mchana Posta imejaa watu. Jioni ofisi zikifungwa, hasa Jumamosi na Jumapili, mitaa inakuwa mitupu, na huo utupu ndio wa kuogopa. Maliza kula mapema, na usitembee njia ya ufukweni gizani. Kwako ningesema YWCA kwanza. Ukikosa, loji ya Kisutu yenye mapokezi ya saa 24, chumba cha ghorofa ya juu, chenye komeo la ndani.

Mwanachama wa Mombasa: Hujambo ndugu. Nakuja na mke wangu. Nimeambiwa gesti nyingine huko zinataka cheti cha ndoa, ni kweli?

Jibu: Sijambo ndugu yangu, karibuni sana. Zipo chache, hasa zinazosimamiwa na watu wa dini, Waislamu kwa Wakristo. Bebeni nakala ya cheti, haina uzito. Pasipoti au hati ya kusafiria nayo muwe nayo kwa ajili ya daftari. Hela unaweza kutuma kwa M-Pesa kutoka Kenya hadi Tanzania, kwa hiyo usibadilishe noti mapokezi, watakupunja.

Mkazi wa Ilala: Mwalimu umesahau Msimbazi Centre, ile ya kanisa hapa Ilala. Ina vyumba na kumbi, vikundi vya shule vinalala pale. Na uwaambie watu wa Kimara na Magomeni kwamba masika bonde la Jangwani likifurika usafiri wa mabasi ya mwendokasi unakatika.

Jibu: Ahsante sana kaka, umenikumbusha jambo la maana. Kweli, kwa kundi la wanafunzi Msimbazi Centre ni bora kuliko kusambaa kwenye gesti tano. Na la Jangwani ni kweli tupu. Anayekuja Machi hadi Mei alale upande wa mjini wa bonde, yaani Kariakoo, Kisutu au Posta. Ukilala Magomeni siku ya mvua kubwa, makumbusho utaiona kwenye simu.

Mwalimu mwenzetu, Kigoma: Nina wanafunzi 12 na asubuhi moja tu. Makumbusho zote mbili zinawezekana?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, chagua moja. Kwa kuwa mnatoka mbali hivyo, nendeni ya Taifa, mlale Msimbazi Centre au Kisutu, na mtoke mapema mmeshakunywa chai. Anzeni na ukumbi wa asili ya binadamu wakati vichwa vya watoto bado vimetulia. Wape dakika za kutosha mbele ya nyayo za Laetoli, wapime kwa viganja vyao bila kugusa. Magari yaacheni mwisho, maana wakishayaona hawatataka kurudi ndani.