Kuamua Vim ihifadhi nini na irejeshe nini

Mpwa wangu, anayetumia Vim, programu ya kuhariri maandishi, alinijia nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, akiwa amechoka: "Mjomba, nimebadilisha mipangilio mara tatu, lakini kila nikifungua kazi ya jana, ile ya zamani inarudi." Tulikaa tangu alasiri hadi adhana ya isha ndipo tukaupata mzizi wa tatizo.

Hatua ya 1. Ukiwa katika folda ya mradi, andika `:mksession`, ili hali ya kazi yako, yaani kikao, iandikwe katika faili `Session.vim`. Siku ya pili fungua kwa `vim -S`.

Hatua ya 2. Orodha ya vitu vinavyohifadhiwa imo katika `sessionoptions`, na katika Vim orodha hiyo tangu mwanzo ina neno `options`, ambalo huamuru mipangilio yote, pamoja na mikato ya vitufe, iandikwe ndani ya faili la kikao. Kwa kuwa faili hilo husomwa baada ya `vimrc`, faili la mipangilio yako ya Vim, thamani ya jana huifunika ya leo. Tulipolifungua `Session.vim`, ambalo ni maandishi ya kawaida, tuliukuta mstari `setlocal shiftwidth=2`, unaoweka upana wa kujongeza mistari, ilhali kijana alikwisha kuandika 4 kwenye `vimrc`. Weka katika `vimrc` mstari huu:

`set sessionoptions-=options`

Hata hivyo, mstari huo hausafishi faili lililokwisha kuandikwa. Fungua kikao cha zamani, hakikisha kwa `:set sessionoptions?` kwamba neno lile halimo, kisha andika `:mksession!` pamoja na alama ya mshangao ili faili liandikwe upya. Madirisha yaliyo wazi wakati huo yatabaki na thamani ya zamani. Toka, ufungue tena, ndipo utaiona 4. Watumiaji wa Neovim, programu iliyotokana na Vim, hawana shida hii, kwani `options` haimo katika orodha yake ya awali.

Sipendekezi programu-jalizi zinazohifadhi kikao zenyewe kila unapotoka, kwa sababu huhifadhi pia vurugu ya siku mbaya. Kikao kiandike mwenyewe, kimoja kwa kila mradi.

Hatua ya 3. Kikao hakihifadhi maandishi ambayo hujayahifadhi. Andika `:wa` kwanza. Ukitaka uwezo wa kutengua mabadiliko ya jana, weka `set undofile` na `set undodir=~/.vim/undo`, lakini folda hiyo iunde mwenyewe kwa `mkdir -p ~/.vim/undo`, maana Vim haitaiunda.

Hatua ya 4. Kwenye kompyuta ya watu wengi, weka `set viminfo=` bila thamani yoyote, ili maneno uliyonakili na uliyotafuta yasimsubiri atakayeketi baada yako.