Mzee alitoka damu ya utumbo? Fanya hivi isirudi

Kama mzee wako hapo Moshi ana vile vijifuko kwenye utumbo mpana na alishawahi kutoka damu chooni, jamani anza kwa kukagua dawa anazojinunulia. Mi kwa mama nilikuta diklofenaki kwenye fundo la kanga, eti za magoti, kanunua tu sokoni Mbuyuni. Hizo na ibuprofeni zinaongeza sana hatari ya damu kurudi, aache kabisa, magoti yakiuma anywe parasetamo. Ila aspirini ya moyo au kiharusi usimkatishe mwenyewe, muulize daktari kwanza. Ugali uwe wa dona, makande, mboga, maji ya kutosha. Damu ikirudi nyingi na kizunguzungu juu, usingoje kukuche, mkimbize hospitali ya Mawenzi au KCMC usiku huohuo.