Kufunga rekoda ya kamera kwenye mtandao wa kampuni

Habari za kazi, mafundi wenzangu. Wengi wetu Kampala tumejifunzia kamera madukani na majumbani: unachomeka rekoda kwenye ruta, unafungua programu ya simu, umemaliza. Siku unapoitwa kwenye kampuni yenye wasimamizi wa mtandao, mazoea hayo yanakuponza. Kwao rekoda ni kompyuta kama nyingine, na wana sababu ya kuihofia. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya vifaa, kamera na rekoda zikiwa nyingi humo, kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani tu.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya waya. Mpelekee msimamizi orodha ya vifaa, anwani ya MAC ya kila kimoja (namba ya utambulisho kilichopewa kiwandani), nani atatazama picha na akiwa wapi. Weka na hesabu. Kamera moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, kamera 16 ni megabiti 64, usiku na mchana bila kupumzika. Kwa swichi ya gigabiti, kifaa kinachounganisha waya za mtandao, huo ni mzigo mdogo, ila kwa redio ya mtandao inayounganisha majengo mawili bila waya ni mzito. Kamera hiyo moja hula gigabaiti 43 kwa siku. Zote 16 zinakaribia 690, kwa hiyo diski ya terabaiti 8 inajaa siku ya kumi na mbili. Bosi akitaka picha za mwezi mzima anahitaji kama terabaiti 21. Mwambie kabla hajalipa.

Hatua ya 2: Omba VLAN ya kamera peke yake, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa na vingine. Kamera zisifike intaneti kabisa, na rekoda ifikiwe na kompyuta za watazamaji tu. Zima UPnP, inayoifanya rekoda ijifungulie mlango kwenye ruta, na P2P, inayoiunganisha na simu kupitia seva za nje.

Hapa angalia sana matundu ya PoE (yanayopitisha data na umeme kwa waya mmoja) yaliyo nyuma ya rekoda. Yale ni ya kamera tu, na rekoda hugawa anwani zake yenyewe kupitia humo. Niliwahi kuchomeka waya wa ofisi kwenye tundu hilo badala ya tundu la LAN, lile la kuunganisha rekoda na mtandao wa ofisi. Kompyuta za ghorofa nzima zikaanza kupokea anwani kutoka kwenye rekoda yangu, na wahasibu wakakaa bila mtandao hadi jioni. Tangu siku ile nabandika karatasi nyekundu kwenye matundu hayo kabla ya kuwasha umeme.

Hatua ya 3: Anwani na neno la siri. Anwani ya IP akupe msimamizi, usijichagulie. Badilisha neno la siri la rekoda na la kila kamera, kisha sasisha programu yake ya ndani.

Hatua ya 4: Saa. Tafadhali msiiruke hii. Rekoda nyingi hufika zikiwa na saa ya China, iliyo mbele ya yetu kwa saa 5. Ghala moja la Industrial Area liliibiwa, mlinzi akasema ilikuwa saa nane usiku. Tukatafuta saa nane: uwanja mtupu, taa zinawaka, paka anapita. Wizi wenyewe tuliukuta mbali kabisa. Kona ya picha imeandikwa 07:04, nje giza totoro, lori linarudi nyuma kuelekea mlangoni. Askari akauliza swali moja: saa moja asubuhi giza limetoka wapi? Weka UTC+3, ndiyo saa yetu ya Afrika Mashariki, zima mabadiliko ya saa ya majira, na elekeza rekoda kwenye seva ya saa ya kampuni.

Hatua ya 5: Umeme. UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, ibebe rekoda na swichi ya kamera pia. Swichi ikizimika, rekoda hubaki macho bila cha kurekodi.

MASWALI

*Mwanachama, Mbarara:* Fundi, kila nikichomeka rekoda tundu la ukutani linakufa. Nimebadilisha waya mara tatu.

Waya wako ni mzima, ndugu yangu. Swichi inakataa kifaa isichokijua. Kama rekoda ina 802.1X, njia ya kifaa kujitambulisha kwa mtandao, iwashe kwa maelekezo ya wasimamizi. Kama haina, waombe waiandikishe kwa MAC. Usiweke kiswichi kidogo kwa siri, watakiona.

*Mwanachama, Jinja:* Mkurugenzi anataka kutazama akiwa nyumbani, na P2P umesema tuzime. Nimjibu nini?

Apewe VPN ya kampuni kwenye simu yake, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa kampuni akiwa nje. Kuna hatua moja zaidi ya kufungua, lakini mlango unabaki mmoja na unalindwa.

*Mwanachama, Entebbe:* Wafanyakazi wanalalamika kwamba wanapigwa picha bila kuambiwa. Hilo linatuhusu sisi mafundi?

Linatuhusu, dada. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahesabu sura ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Mwambie mteja aweke bango la kamera mlangoni na ajiandikishe kwa ofisi ya ulinzi wa data. Wewe tengeneza akaunti tofauti kwa kila mtazamaji, ili klipu ikionekana WhatsApp ijulikane nani aliipakua.