Baiskeli ya safari na ugenini, Tabora: mchanga, mzigo na mbigili

Kwa anayetoka Tabora mjini kwenda Kwihara, Igombe au vijiji vya Uyui, baiskeli isiyo na gia inatosha. Nchi ni tambarare, na kile kifaa cha kuhamisha cheni huko nyuma hujaa mchanga na hupinda baiskeli ikianguka. Kama utabeba mzigo, chukua namba 28 (gurudumu la inchi 28) yenye keria ya chuma na stendi ya miguu miwili. Kama njia yako ni mchanga mtupu, 26 yenye tairi pana itakusumbua kidogo zaidi.

Kabla ya kulipa, nyanyua gurudumu la nyuma ulizungushe. Ringi ikiyumba, minya spoku mbili mbili kwa vidole utafute zilizolegea. Usikubali kuambiwa itakaa sawa yenyewe: gurudumu hilo ndilo linalobeba uzito, na spoku moja ikikatika, jirani zake huelemewa.

Panda siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Siti ikiwa chini zaidi, magoti yatauma kabla hujafika. Cheni icheze sentimita 1 hadi 1.5 katikati. Tia tone la mafuta kwenye kila kiungo, kisha futa nje yote kwa kitambaa, kwa sababu mafuta yanayobaki nje hunasa vumbi la kiangazi na kusaga meno yanayoshika cheni. Oili chafu ya gari ina chembe za chuma, iache. Kwa wavaa kitenge au kanga, kava ya cheni ni lazima.

Huendi kwa wakwe mikono mitupu, kwa hiyo pima zawadi. Dumu la lita 5 la asali lina uzito wa kilo 7 hivi. La lita 20 hukaribia kilo 28, na hapo breki zinahitaji nafasi ndefu zaidi. Weka nailoni chini ya mfuniko, laza mzigo katikati ya keria, ufunge msalaba kwa mipira ya tyubu kuukuu. Mzigo ukining'inia upande mmoja, usukani utakuvuta muda wote.

Kwenye lami hesabu kilomita 12 hadi 15 kwa saa, mchangani nusu yake. Ukiingia mchangani, punguza upepo kidogo, endelea kukanyaga na usikate kona ghafla. Masika ringi za chuma zikilowa, breki hazishiki vizuri. Anza kufunga breki mapema. Kama utarudi usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Kinachowakwamisha wengi ni mbigili. Beba pampu, viraka, solosheni (gundi ya viraka), msasa na vyuma viwili vya kutolea tairi. Ukipata pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi mpaka kikwame kwenye mwiba, uung'oe. Mwiba ukibaki, tyubu itatoboka tena palepale. Sugua tyubu kwa msasa kupita ukubwa wa kiraka, paka solosheni nyembamba, subiri dakika 5 mpaka isinate kidoleni. Kiraka kikibandikwa kibichi hubanduka, na hilo ni kosa linalorudiwa mara nyingi. Kigandamize kuanzia katikati. Rudisha tairi, jaza upepo nusu, zungusha gurudumu uone tyubu haijabanwa pembeni, ndipo ujaze kabisa.