Namna ya kutathmini hali ya uhifadhi wa bata wa porini: mfano wa bata makoa

Bata makoa, ambaye wanasayansi humwita Oxyura maccoa, ni bata mdogo wa kuzamia anayeishi katika maziwa na mabwawa ya Afrika mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, na pia kusini mwa bara, hasa Afrika Kusini. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, amewekwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Mwongozo huu unaeleza jinsi uamuzi wa namna hiyo unavyofikiwa, ili anayehesabu ndege kando ya ziwa lake ajue ni takwimu zipi zinazohitajika na ni zipi zinazopotosha.

Jambo la kwanza ni kutenganisha ziwa na spishi. Bata makoa huhamahama kufuata maji na chakula, hivyo ziwa lililokuwa na bata 200 mwaka jana linaweza kubaki tupu mwaka huu bila hata mmoja kufa. Kazi yote ya tathmini, kwa maoni yangu, imo katika kumtofautisha bata aliyehama na bata aliyekufa, na tofauti hiyo haionekani kamwe kwa kuhesabu ziwa moja. Ndiyo maana Sensa ya Kimataifa ya Ndege wa Majini, iliyoanza mwaka 1967 na kuratibiwa na shirika la Wetlands International, huhesabu maeneo mengi kwa pamoja kila Januari. Mhesabuji anayefuata ratiba hiyo hufanya takwimu zake zilinganishwe na za wenzake walio mbali.

Uwanjani, fika asubuhi na mapema kabla upepo haujaamsha mawimbi, na uwe na darubini ya miguu mitatu pamoja na ile ya mkononi. Dume wakati wa kuzaa hana shida: mwili wa kahawia nyekundu, kichwa cheusi na mdomo wa buluu angavu. Jike ni mtihani, kwani ni wa kahawia kote isipokuwa mistari myeupe usoni, na akiwa na kiota hujificha ndani ya matete. Mtazame mmoja kwa makini. Huketi chini majini, mkia mgumu ukiwa umelala juu ya maji au umesimama wima, kisha huzama taratibu, pasipo kurusha tone, akifuata mabuu ya wadudu katika tope la chini. Unapohesabu kumi, wengine kadhaa huenda wako chini ya maji. Kwa hiyo pitisha darubini juu ya eneo lilelile mara tatu au nne na uchukue hesabu ya juu kabisa. Usijumlishe mapito hayo, kwa sababu utawahesabu walewale mara mbili. Andika madume, majike na vifaranga kila kundi peke yake, pamoja na saa, hali ya hewa na sehemu ya ziwa usiyoweza kuiona.

Kuwatenganisha kuna sababu. Vigezo vya IUCN havihesabu kila bata, bali wale waliokomaa, yaani wanaoweza kuzaa. Vifaranga hawamo, na ikiwa jinsia moja ni chache kuliko nyingine, makadirio yanapaswa kushushwa. Asiyejua hilo atalikuza kundi bila kukusudia.

Hatua inayofuata ni kupima mwelekeo, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kigezo A, cha kwanza kati ya vigezo vitano vya IUCN (A hadi E), hupima kupungua ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, muda wowote ulio mrefu zaidi. Kupungua kwa asilimia 30 humweka spishi katika kundi la walio katika hali tete, asilimia 50 katika walio hatarini, na asilimia 80 katika walio hatarini sana. Tuseme hesabu za maeneo yote zimeshuka kutoka bata 600 hadi 480 katika miaka 6. Kwa macho hiyo ni asilimia 20 tu, na mtu angefunga daftari kwa amani. Lakini waliobaki ni 0.8 ya wale wa mwanzo, nayo ukiipandisha kwa kipeo cha 10 kugawanya kwa 6, unapata 0.69, maana yake kasi hiyohiyo ikidumu miaka 10, kupungua kutafika takriban asilimia 31, na kizingiti cha kwanza kimevukwa.

Vigezo vingine vipitie pia, kwa sababu spishi huwekwa katika kundi la hatari kubwa zaidi ambalo kigezo chochote kimelifikia. Kigezo B huangalia ukubwa wa eneo la usambazaji, C idadi ndogo inayoendelea kupungua, na D idadi ndogo mno: chini ya 1,000 waliokomaa kwa hali tete, chini ya 250 kwa walio hatarini, na chini ya 50 kwa walio hatarini sana. E huhitaji hesabu za uwezekano wa kutoweka, nayo ni nadra kutumika.

Tafuta sababu, wala usiishie kwenye idadi. Kwa bata makoa, wanaozama hunaswa na nyavu za wavuvi na kufa maji. Uchafuzi hurundikana katika wadudu wa topeni anaowala. Na ardhi oevu hukaushwa au matete yake hukatwa. Sababu hubadilisha hata vizingiti: ikiwa imeeleweka, imekoma na madhara yake yanarekebishika, kigezo A huanza kwa asilimia 50, siyo 30. Kaa na wavuvi, uliza wamewatoa bata wangapi kwenye nyavu msimu huu, na wasikilize bila kuwalaumu.

Ukitathmini nchi moja, kamilisha vigezo kwanza, kisha uliza kama bata wa nchi jirani wanaweza kuja kujaza pengo. Jibu likiwa ndiyo, daraja la hatari hushushwa. Na usikimbilie kutangaza kutoweka. Bata wa Madagaska wa jamii ya Aythya hakuwa ameonekana tangu 1991, hata 2006 akakutwa katika ziwa dogo kaskazini mwa kisiwa hicho.

Tathmini za ndege katika Orodha Nyekundu husimamiwa na BirdLife International, shirika la kimataifa la uhifadhi wa ndege, ambalo hupokea takwimu na maoni kutoka kwa wahesabuji wa nchi zote. Unapotuma zako, jumuisha kila ziwa ulilolitembelea na kukuta hakuna bata, tarehe yake ikiwa kando na sifuri imeandikwa waziwazi, kwani safu iliyoachwa tupu husomwa kana kwamba hukufika.