Kupima joto la koili ya mota kwa omu

Mimi husuka mota, yaani huzungusha upya waya wa shaba wa koili zake, na siamini mkono uliowekwa juu ya bodi ya mota. Bodi inapozwa na feni; koili iliyo ndani yaweza kukaribia kuungua huku nje ukihisi vuguvugu tu. Shaba yenyewe ndiyo inayojua ina joto kiasi gani, na hutwambia kwa ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia umeme, ambao hupimwa kwa omu. Ikipata joto, atomi zake hutikisika zaidi na kuzisumbua elektroni zinazopita, hivyo ukinzani hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi.

Anza na mota iliyolala usiku kucha bila umeme, ili koili iwe na joto lilelile la chumba. Chomoa waya, toa chaji ya kapasita, tenganisha koili kuu kisha upime omu zake. Andika pia joto la chumba. Kabla ya yote gusanisha ncha za mita usome ukinzani wa nyaya zake, uutoe kwenye kila kipimo. Usidharau hatua hii: kwenye koili ya omu 8, kosa la omu 0.3 kwenye kipimo kimoja tu linakupotosha kwa karibu nyuzi 10!

Sasa iendeshe mota ikiwa na mzigo wake wa kawaida mpaka joto litulie. Zima, chomoa, shafti isimame, toa chaji tena, upime upesi, maana koili inaanza kupoa papo hapo. Mimi hupima mara kadhaa mfululizo, nachora grafu, kisha narudisha mstari nyuma hadi muda wa kuzima, nipate omu za wakati ule.

Hesabu yake: gawanya omu za moto kwa omu za baridi, zidisha kwa jumla ya 234.5 na joto la chumba, kisha toa 234.5. Tuseme koili ilikuwa na omu 8 chumba kikiwa nyuzi 25, ikafika omu 10. Jibu ni takriban nyuzi 90. Kama waya ni wa alumini, tumia 225 badala ya 234.5.

Hilo ni joto la wastani. Sehemu za katikati ya koili huwa moto zaidi. Kwa hiyo koili yenye kihami (kinachozuia umeme usivuje kwenye waya) cha daraja B, chenye kikomo cha nyuzi 130, nisingeiacha isome 125 nikalala usingizi.

Ukikuta waya mbili nyembamba za ziada zikitoka kwenye koili, huenda ni za thamista ya ulinzi, yaani kihisi joto. Hiyo hesabu haiihusu: ukinzani wake hubaki mdogo, kisha huruka ghafla joto likikaribia kikomo. Usiipime kwa mega, ile mita ya volti kubwa ya kupimia kihami, utaiua.